Wanawake Wenye Mdomo

Shangazi yangu hana hamu na filamu. Miaka yote amekuwa akisema sinema ni ya watu wasio na kazi, na kwamba vituko yeye anaviona bure hapa hapa mtaani. Lakini mwaka jana aliteguka mguu, daktari akamkataza kutembea wiki tatu, na kwa kuwa kazi yangu ya kutafsiri inafanyika popote penye umeme, nikabeba laptopu nikahamia kwake Ngamiani, Tanga. Redio ilimchosha siku ya nne. Siku ya tano akasema, "Haya, weka hizo zako."

Hizo zangu ni vichekesho vya zamani vya Hollywood, vile vilivyotengenezwa tangu mwaka 1934 mpaka mwisho wa miaka ya 1940: picha nyeusi na nyeupe, mwanamume na mwanamke wanagombana saa moja na nusu, mwisho wanapatana. Nilivikuta chuoni kwa bahati, ndani ya flashi niliyoazima kwa ajili ya kitu kingine kabisa, na tangu hapo sijapona. Ni ugonjwa wangu peke yangu. Katika mabanda ya video niliyokulia, ambako jamaa mwenye maiki alikuwa akitutafsiria kila kitu kwa mbwembwe, filamu za namna hii hazikufika, na ninaelewa sababu. Ngumi inatafsirika. Gari likitumbukia korongoni linatafsirika. Lakini watu wawili wanaokatana maneno bila kupumua, maiki utaishika saa ngapi?

Hilo nililionja siku hiyo hiyo, maana nilifanya kosa la kuanza na His Girl Friday.

Kwa asiyeijua, ni ya mwaka 1940 na mwongozaji ni Howard Hawks. Mhariri wa gazeti, Walter Burns, anayeigizwa na Cary Grant, anatembelewa ofisini na mtalaka wake, Hildy Johnson, ambaye ni Rosalind Russell. Hildy alikuwa mwandishi wake bora. Amekuja kumwambia kwamba uandishi basi, kesho anaolewa na mtu wa bima, anahamia Albany akatulie nyumbani kama wanawake wengine. Walter ana saa chache za kumzuia, na mjini kuna mfungwa anayengoja kunyongwa, habari ambayo hakuna awezaye kuiandika kama Hildy.

Nikaanza kumtafsiria shangazi. Natamka sentensi ya Walter. Sijafika nusu, Hildy kashajibu, Walter kashamkata, simu inalia, na mtu wa tatu anaongea juu yao wote wawili. Hawks aliwataka waigizaji waanze kabla mwenzao hajamaliza, na sentensi zikaongezewa maneno ya ovyo mwanzoni na mwishoni ili hata zikifunikwa pasipotee kitu. Mimi jasho linanitoka. Baada ya dakika kumi shangazi akanishika mkono.

"Acha, mwanangu. Nimeelewa."

"Umeelewaje na Kiingereza hujui?"

"Hao wanapendana. Huyu mwenye mwavuli hana chake hapo. Mwangalie, anangoja zamu yake ya kusema."

Nimesoma mengi juu ya filamu hizi, mengine ya wasomi wakubwa, na sijakuta aliyelisema kwa ufupi kiasi hicho. Bruce, yule mtu wa bima mwenye mwavuli, ndiye mpole. Ndiye anayemfungulia Hildy kijilango cha chumba cha habari wakati Walter anajipitia zake mbele. Ana adabu, ana mshahara, ana mama mzazi anayesafiri naye. Anangoja zamu. Na katika filamu hizi anayengoja zamu ya kusema kashakosa mke.

Kwetu mwanamke anayejibu ana jina lake. Anaambiwa ana mdomo. Hasemwi kwamba ana akili nyepesi wala kwamba anajua kupanga hoja. Ana mdomo, kana kwamba sisi wengine tulizaliwa bila. Sekondari tulisomeshwa Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama huyo wa Pate aliutunga mwaka 1858 kumuusia binti yake, na maneno yaliyoganda kichwani mwangu ni ya ule ubeti wa kukaa na mume kwa adabu: "akinena simjibu, itahidi kunyamaa." Simbezi Mwana Kupona. Alikuwa mgonjwa, anamwachia mtoto silaha aliyoijua, na mtu anayehusia kunyamaza kwa beti mia na ushei hajanyamaza hata kidogo. Lakini sikio langu la miaka ishirini lilikuwa bado na wosia ule ndani yake nilipomsikia Rosalind Russell kwa mara ya kwanza akimjibu mtu ambaye alikuwa bosi wake na mumewe kwa pamoja, akamtupia na mkoba. Nilisimamisha picha nikarudisha nyuma. Nilitaka kuona kama ataadhibiwa. Walter aliukwepa mkoba, akaonekana kuburudika.

Hildy hakuandikwa kuwa mwanamke. Mchezo wa jukwaani uliozaa filamu hii, The Front Page wa Ben Hecht na Charles MacArthur wa mwaka 1928, una mhariri na mwandishi wake, wanaume wote wawili. Hawks alikuwa akisimulia kwamba siku moja alimpa mwanamke amsomee sehemu ya Hildy, akasikia majibizano yamenoga kuliko yalivyokuwa. Basi wakambadilisha Hildy jinsia, wakamwachia ulimi. Nadhani ladha yote imetoka hapo. Kama mtu angekaa chini kumwandika mwandishi wa kike tangu mwanzo, katika Marekani ile, angempa machozi mawili matatu na paka. Hildy alirithi maneno, kazi na heshima iliyokwisha kukatwa kwa kipimo cha mwanamume, na shati likamkaa. Russell mwenyewe aliona bado halijatosha. Alimlipa mtunzi wa matangazo pembeni amwandikie majibu ya ziada, kisha akawa anayachomeka mbele ya kamera kana kwamba yamemjia papo hapo. Usawa wake aliulipia kwa pesa yake.

Kuna kipande ambacho nimekirudia mara nyingi kuliko vyote. Hildy katoka chumba cha waandishi, karatasi yake imebaki kwenye taipureta, mahojiano na yule mfungwa hayajakamilika. Waandishi wenzake, wanaume wa sigara na karata ambao tangu filamu ianze hawajaheshimu kitu, mmoja anainama anaisoma kwa sauti. Chumba kinatulia. Katika filamu ambayo hakuna anayefunga mdomo, ukimya huo una uzito wa salamu. Hakuna anayesema "kwa mwanamke, si mbaya."

Baadaye kidogo Hildy anamkimbiza ofisa wa jela barabarani, kavaa viatu vya kisigino, sketi kaishika juu, anamrukia miguuni na wote wawili wanabwagika. Shangazi na bandeji yake alicheka mpaka akaomba maji.

Mwisho wa filamu hakucheka. Walter na Hildy wamepatana, wataoana tena, safari hii na fungate ya kweli. Simu inalia: kuna mgomo Albany. Fungate itakuwa kazi, kama ile ya kwanza. Walter anatoka mlangoni akiwa ametangulia, mikono mitupu, na nyuma yake Hildy anahangaika na sanduku. Walter anageuka, anamwona anavyotaabika, anamuuliza kwa nini asilishike kwa mkono. Picha inakwisha.

"Kwa hiyo," shangazi akasema, "kamwacha mbeba mwavuli, kenda kuwa mbeba sanduku."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Lakini ngoja kwanza tuulize kwa nini watu hawa waliongea kiasi kile. Sauti iliingia katika sinema mwaka 1927, na ghafla Hollywood ikahitaji watu wanaojua kuandika maneno ya kusemwa. Ikawavuta kutoka magazetini na kwenye majumba ya michezo. Hecht alikuwa mwandishi wa habari wa Chicago kabla ya yote. Kisha likaja rungu. Studio zilikuwa na kanuni zao za maadili tangu mwaka 1930, zikakaa kwenye karatasi tu, mpaka Julai 1934 Joseph Breen alipopewa kazi ya kuzisimamia na filamu isiyo na kibali ikakosa kumbi. Mke na mume kulala kitanda kimoja ikawa taabu. Busu likapimwa. Waandishi wakafanya wafanyavyo watoto waliofungiwa mlango: kila kilichokatazwa mwilini wakakipitisha mdomoni. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mbinu hii. Aliyewahi kuona kanga ikivaliwa siku maalumu, mbele ya mtu maalumu, maandishi yakiwa wazi kama bango, anajua neno linavyoweza kufanya kazi ya mkono.

It Happened One Night ya Frank Capra ilitoka mapema mwaka huo huo wa 1934, miezi michache kabla ya Breen kukaza kamba, nayo tayari ilikuwa imeshagundua ujanja. Claudette Colbert ni Ellie, binti wa tajiri aliyemtoroka baba yake. Clark Gable ni Peter, mwandishi aliyefukuzwa kazi, anayemkuta kwenye basi na kunusa habari. Wanalala chumba kimoja cha kukodi njiani, vitanda viwili, na katikati Peter anafunga kamba anatundika blanketi. Analiita Kuta za Yeriko. Shangazi alilikubali blanketi lile papo hapo. "Pazia," akasema. "Mtu mwenye heshima huweka pazia."

Wengi wanaikumbuka filamu hii kwa onyesho la lifti, Peter anapomfundisha Ellie namna tatu za kusimamisha gari kwa kidole gumba, magari yanapita, mpaka Ellie anapandisha sketi kidogo na gari la kwanza linafunga breki mpaka matairi yanalia. Inachekesha, sikatai. Ila ushindi wa paja ni ushindi mdogo. Mimi onyesho langu ni jingine, la asubuhi baada ya pazia. Wapelelezi wa baba yake Ellie wanapiga hodi. Hakuna muda wa kupanga kitu. Peter anamvuruga Ellie nywele, anaanza kumfokea kama mume aliyechoka. Ellie, ambaye maishani mwake hajawahi kuishi bila mtumishi, anadaka mara moja, anamjibu kwa sauti ya mke aliyechoka zaidi, anaangua kilio. Ni binti wa fundi bomba, na atabaki kuwa binti wa fundi bomba! Wanapandishiana mpaka wapelelezi wanaona aibu, wanaomba radhi wanaondoka. Mlango unafungwa, na hao wawili wanatazamana na kucheka.

Hapo ndipo ndoa yao ilipofungwa, kama unaniuliza mimi. Wapelelezi waliwaamini kwa sababu hakuna wageni wanaogombana vizuri namna ile. Kugombana vizuri kunataka wawili, na kunataka kila mmoja aamini kwamba mwenzake ataushika mpira. Ellie aliyekuwa mzigo anakuwa mwenzake kazini, kwa dakika mbili, bila mtu kumpa ruhusa. Filamu ilichukua tuzo tano kubwa za Oscar, ikiwemo ya mwigizaji wa kike na ya wa kiume, na sitashangaa kama nusu ya kura zilitoka kwenye chumba kile.

Mbele kidogo, lakini, Peter anamwambia baba mtu kwamba binti yake anahitaji mwanamume wa kumpiga konde kila siku. Inasemwa kama utani. Mwaka 1940 The Philadelphia Story inaanza na Cary Grant akimsukuma Katharine Hepburn usoni mpaka anaanguka chali mlangoni, na hiyo pia ni utani. Nilipoionyesha shangazi akasema, "Hapo hakuna cha kuchekea," na akaninyang'anya rimoti ya feni kana kwamba ndiyo inayoendesha filamu. Sikuendelea nayo. Sikuumia, kwa kweli. Najua watu wengi wanaiabudu, lakini ni filamu inayotumia muda wake mwingi kumkalisha mwanamke chini na kumweleza kasoro zake, na mmoja wa wanaomweleza ni baba yake mwenyewe, aliyekuwa na hawara.

Iliyomshika shangazi kweli kweli ni The Awful Truth ya mwaka 1937, ambayo ilimpatia mwongozaji wake, Leo McCarey, tuzo ya Oscar. Jerry na Lucy Warriner, yaani Cary Grant tena na Irene Dunne, hawaaminiani. Jerry kamwambia mkewe anakwenda Florida, hakwenda. Anajichoma kwa taa klabuni ili aonekane kapigwa na jua la huko, anamletea kikapu cha machungwa, na chungwa lina muhuri wa California. Lucy naye anarudi asubuhi na mwalimu wake wa muziki, wamevaa nguo za usiku, gari liliharibika, ndivyo anavyosema. Wanafikishana mahakamani. Wanagombea hata mbwa, na jaji anaamuru mbwa aachwe achague. Lucy anashinda kwa kumchungulishia mbwa mwanasesere wake aliyemficha. Kisha jaji anatoa talaka, lakini haitakamilika mpaka zipite siku 90.

Nilipotafsiri hizo siku 90 shangazi akajiinua kwenye mto.

"Eda."

"Si eda, shangazi, hawa ni Wamarekani, wana sheria zao..."

"Siku tisini ni miezi mingapi? Mitatu. Ni eda. Wana nafasi ya kurudiana humo."

Nikataka kubisha, nikaona sina hoja. Mwanafalsafa Stanley Cavell aliandika kitabu kizima mwaka 1981 juu ya filamu saba za namna hii, hii ikiwa mojawapo, akionyesha kwamba swali lao si vijana watakutanaje. Swali ni waliokwisha kuoana wakakosana watarudianaje, na kwamba njia ya kurudi ni mazungumzo. Alihitaji kitabu. Shangazi alihitaji kusikia neno tisini. Kwetu kila mtoto wa madrasa anaijua talaka rejea: mume katoa talaka ya kwanza au ya pili, mke yuko eda, na kabla haijakatika mume anaweza kumrejea bila ndoa mpya.

Tofauti ni neno la kurejea liko kwa nani. Kwetu liko kwa mume. Katika filamu hii kwanza Jerry anauvuruga uchumba wa Lucy na tajiri mmoja wa Oklahoma, kijana wa mama. Halafu zamu inageuka. Usiku wa mwisho wa zile siku 90 Jerry yuko sebuleni kwa wakwe watarajiwa, familia ya pesa ya zamani, anajitapa kwamba marehemu baba yake alikuwa Princeton. Mlango unafunguliwa, anaingia Lucy, kavaa gauni la kilabuni, anajitambulisha kuwa ni dada yake Jerry. Anatafuna maneno, anaomba kinywaji, anaimba wimbo wa kilabu na kukata kiuno mbele ya wazee wa watu. Na kuhusu baba? Ndiyo, alikuwa Princeton, miaka mingi tu, alikuwa akiyatunza majani ya pale yakapendeza.

Mtazame Cary Grant wakati ule. Anaaibishwa, uchumba wake unabomoka, na uso wake unaanza kufurahi bila ruhusa yake. Ni uso wa mtu aliyesahau kwamba ameoa mcheshi kuliko yeye. Sijaona tamko la usawa lililo wazi kuliko lile, na hakuna aliyetamka neno usawa.

Wanaishia kwenye nyumba ya shamba, vyumba viwili, mlango wa katikati haufungi vizuri, upepo unausukuma. Saa ya ukutani ina vimwanasesere viwili, wa kiume na wa kike, vinavyotoka kila robo saa na kurudi kila kimoja kwenye kijumba chake. Ikifika saa sita usiku talaka imekamilika. Jerry anasimama mlangoni anajaribu kuomba msamaha, na hapa ilibidi nisimamishe filamu mara tatu ili niitafsiri sawasawa: mambo ni tofauti, ila kwa namna tofauti, wewe ni yule yule, ila mimi nilikuwa mjinga, sasa siye, basi kwa kuwa mimi ni tofauti, huoni kwamba labda mambo yanaweza kuwa yale yale tena, ila tofauti kidogo?

Shangazi akaniambia rudia. Nikarudia. Akatikisa kichwa taratibu, kama anayeonja mchuzi.

Ilinijia kwamba yeye aliwahi kukaa eda. Nilikuwa na miaka saba; alikaa kwetu karibu miezi miwili, akilala chumba chetu watoto, na sisi tukafurahia tu kwamba kuna mtu wa kutusuka. Jioni moja mumewe akaja na kanzu iliyopigwa pasi, wakazungumza uani, na kesho yake shangazi hakuwepo. Mumewe sasa ni marehemu. Nikamuuliza alisemaje siku ile, na yeye alimjibu nini.

"Angalia filamu yako," akasema.

Kuna jambo linalozikaa filamu hizi kama doa, nalo siwezi kulipita. Tukiwa kwenye ya tatu au ya nne shangazi aliuliza, "Hawa nani anawapikia?" Swali zuri. Hakuna anayepika. Hakuna watoto, kuna mbwa, na katika moja ya Hawks ya mwaka 1938 kuna chui. Mwanamke ana urithi au ana mwanamume mwenye pesa. Ukiondoa jiko, mtoto na kodi ya nyumba, mume na mke kuwa sawa si kazi ngumu. Nje ya kumbi za sinema, sheria ya kubana matumizi ya mwaka 1932 iliagiza kwamba serikali ya Marekani ikipunguza watumishi, ianze na wale ambao mume na mke wote wako serikalini, na walioachishwa wengi wakawa wake. Kipengele hicho kilifutwa mwaka 1937. Hildy, mwenye kazi na mshahara wake, alikuwa kiumbe adimu kuliko chui.

Akauliza pia watu weusi wako wapi. Nikamwonyesha: wanafungua mlango, wanabeba trei, wanatoka. Hattie McDaniel, aliyecheza kijakazi katika filamu nyingi mno, alipata Oscar Februari 1940, mwezi mmoja tu baada ya Hildy kuingia kumbini, na usiku ule alikalishwa kwenye meza ndogo pembeni, mbali na wenzake wa filamu. Haki ya kujibu ilikuwa na rangi. Shangazi alisikiliza, akasema, "Basi na huyo nani anamtungia maneno?" Sikumjibu.

Ya mwisho tuliyoitazama, mguu ukiwa umeshapona lakini hakuna aliyetaka kukiri, ilikuwa Adam's Rib ya mwaka 1949, iliyoandikwa na mke na mume, Ruth Gordon na Garson Kanin. Hepburn na Spencer Tracy ni mke na mume wanasheria. Mwanamke mmoja kampiga risasi mumewe baada ya kumfuma na hawara, mume hakufa. Tracy ni mwendesha mashtaka, Hepburn anaamua kumtetea mshtakiwa, hoja yake ikiwa kwamba mwanamume angefanya hivyo mngesema analinda nyumba yake. Anamleta mahakamani mwanasarakasi wa kike, anayemnyanyua Tracy juu juu mbele ya jaji. Wanagombana kutwa kortini na usiku wanapika pamoja, ndiyo, wanapika. Mpaka siku moja mume anamkanda mke mgongo, anampiga kofi la makalio, na mke anageuka: hilo lilikuwa la kweli, ulimaanisha. Kofi lile lile ambalo filamu nyingine zingelifanya utani, hapa linasimamisha utani.

Kanin alisimulia kwamba aliwahi kumuuliza Tracy kwa nini jina lake litangulie la Hepburn kwenye matangazo, wanawake si hupewa nafasi kwanza? Tracy akamjibu kwamba hii ni sinema, si boti ya kuokolea watu. Ni jibu zuri. Nalichukia, na ni zuri.

Mwishoni mwa filamu Tracy analia, mke analainika, wanapatana, kisha Tracy anamwonyesha kwamba machozi yale aliyatengeneza, kwamba wanaume nao wanayo, ila hawakumbuki kuyatumia. Nikamwambia shangazi kwamba mwisho huu ndio unaonisumbua kuliko ule wa sanduku: mume kashinda kwa kuiba silaha ya mke.

"Kashinda nini?" shangazi akasema. "Si bado wanaongea?"

Nilizima laptopu. Nje mwadhini wa Isha alikuwa amemaliza. Shangazi akashusha miguu yote miwili sakafuni, akaujaribu ule mbovu, akasimama bila kunishika.

"Alisema amekuja kunirejea," akasema. Ilinichukua muda kujua anamzungumzia nani. "Na mimi nilikuwa nimeinama, nashughulika."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia avue viatu kwanza, nimetoka kupiga deki."